WENGI WAPE, LAKINI WAPE NINI?
Somo juu ya kupendwa kwa Marais wa Marekani na mipaka ya Katiba yao



Usiku mmoja, darasa ilipokwisha na vitabu vikafungwa, kijana mmoja miongoni mwa wanafunzi wetu alitutolea swali. Alikuwa amesoma habari za Marais wa Marekani, akatwambia: "Maalim, sisi wenyewe twasema wengi wape. Nchi ile yasema kuwa mamlaka ni ya watu. Basi ikiwa watu wenyewe wampenda Rais wao na wamemchagua kwa kura nyingi, kwa nini afungwe mikono kwa karatasi iliyoandikwa mwaka 1787 na watu waliokwisha kufa? Wafu ndio wenye nchi, au walio hai?"

Wenziwe walicheka, lakini sisi hatukucheka, kwani swali hili si la mtoto. Wamelitoa watu wazima wenye elimu, na wengine wamelitoa huku wakiwa na majeshi nyuma yao. Tulimwahidi jawabu lililo kamili, nalo ni hili. Hatuandiki ili kuwasifu Wamarekani wala kuwatukana. Twaandika kwa sababu yaliyowapata wao huwapata watu wowote waliowahi kumpenda kiongozi, na hakuna watu ambao hawajawahi.

KATIBA YAO ILIKUSUDIA NINI

Waliokutana katika mji wa Philadelphia mwaka 1787 walikuwa watu 55. Walikuwa wametoka karibu katika utawala wa mfalme wa Uingereza, na walikuwa na khofu mbili. Khofu ya kwanza ni ya mtawala ambaye mambo yote yamo mkononi mwake. Ya pili ni ya umati ambao moyo wake umechemka kwa siku moja, ukatenda leo litakaloujutisha kesho.

Kwa ajili ya khofu hizo wakaigawa kazi ya utawala mafungu matatu. Bunge hutunga sheria na kushika mfuko wa fedha. Rais huzitekeleza sheria. Na mahakama huamua panapotokea mzozo. Kisha wakazitenga nyakati zao. Mjumbe wa Baraza la Wawakilishi hukaa miaka 2, Rais miaka 4, mjumbe wa Seneti miaka 6, na jaji wa Mahakama ya Juu hukaa mpaka afe, au ajiuzulu, au aondolewe kwa makosa. Maana ya mpango huo ni kwamba mtu apendwaye mwaka huu asiweze kuzoa vyote kwa mara moja. Upepo wa kusi ukivuma, usikute matanga yote yametwekwa upande mmoja.

Wala hatusemi kuwa watu hao walikuwa malaika. Katika karatasi hiyo hiyo waliwaacha watumwa katika utumwa wao, na utumwa haukufutwa katika Katiba mpaka mwaka 1865, baada ya vita vilivyoua mamia ya maelfu. Lakini waliacha mlango wa kuirekebisha Katiba: thuluthi mbili za kila baraza la Bunge zikubali, kisha robo tatu za majimbo zikubali. Kwa mlango huo imerekebishwa mara 27. Basi msomaji aushike mlango huu akilini, maana tutaurejea.

ALIYEPENDWA NA WOTE

Rais wao wa kwanza, George Washington, alipendwa mapenzi ambayo hakuyapata mwingine baada yake. Mwaka 1789, na tena mwaka 1792, kila mjumbe aliyepiga kura ya kumchagua Rais alimpigia yeye. Na Katiba wakati huo haikuwa imeweka mpaka wowote wa mihula. Lau angetaka kukaa mpaka afe, hakuna aliyekuwa na hoja ya kumtoa.

Pamoja na hayo, baada ya miaka minane, mwaka 1797, alitoka akaenda zake shambani kwake. Kutoka kwake kukawa ada. Ulysses Grant, jemadari aliyeshinda vita vya wenyewe kwa wenyewe, alipotafuta muhula wa tatu mwaka 1880, chama chake chenyewe kilimnyima. Theodore Roosevelt naye alijaribu mwaka 1912, akashindwa. Tangu kutoka kwa Washington mpaka mwaka 1940 hakuna aliyeivunja ada hiyo, na muda huo ni miaka 143.

Zingatia basi: mpaka wa kwanza haukuwa wa wino. Ulikuwa katika nafsi ya mtu aliyejua kuwa mapenzi ya watu ni amana aliyokabidhiwa kwa muda, si mali ya kurithi. Lakini nafsi za watu hazilingani, na nchi haiwezi kutegemea kwamba kila ajaye atakuwa na nafsi kama ile.

KISA CHA MWAKA 1937

Hapa ndipo swali la kijana wetu lilipopata mtihani wake mkubwa. Franklin Roosevelt aliushika Urais mwaka 1933, wakati wa dhiki kuu. Katika kila wafanyakazi wanne, mmoja hivi hakuwa na kazi. Mabenki yalikuwa yakifunga milango na fedha za watu zimo ndani. Alitunga pamoja na Bunge sheria nyingi za kuwainua watu, na watu wakampenda. Lakini Mahakama ya Juu ikazitangua baadhi ya sheria hizo. Mwezi wa Mei mwaka 1935, katika kesi ya wauza kuku wa Brooklyn, majaji wote tisa waliitangua sheria kubwa ya viwanda, na Januari 1936 mahakama ikaitangua ya kilimo.

Novemba 1936 watu wakapiga kura. Roosevelt alipata majimbo 46 kati ya 48, na kura za wajumbe 523. Mshindani wake alipata 8. Katika Seneti chama chake kilikuwa na zaidi ya robo tatu ya viti. Nani basi angeweza kumwambia hapana?

Tarehe 5 Februari 1937 alipeleka shauri lake. Kwa kila jaji wa Mahakama ya Juu aliyepita umri wa miaka 70 asijiuzulu, Rais apewe ruhusa ya kuteua jaji mwingine zaidi, mpaka sita, ili majaji waweze kufika 15. Alitoa sababu kuwa wazee wale wamelemewa na kazi. Lakini kila mtu alifahamu kuwa haja si uzee wao bali hukumu zao. Na jaji mkuu, Charles Evans Hughes, alipeleka barua katika Seneti mwezi wa Machi, akaonyesha kwa hesabu kuwa mahakama haikuwa nyuma katika kazi yake.

Sasa, yapasa tumfanyie Roosevelt insafu. Shauri lake halikuivunja Katiba waziwazi, maana Katiba haikutaja idadi ya majaji. Walianza kwa sita, na tisa imewekwa kwa sheria ya Bunge tangu mwaka 1869. Tena hoja yake haikuwa dhaifu: watu wana njaa, watu wamenena kwa kura, na wazee wachache ambao hakuna aliyewachagua wamekaa mlangoni. Msomaji mwenye moyo wa huruma, akiyasikia haya, huenda akasimama upande wake. Sisi wenyewe, tulipoyasoma mara ya kwanza, tuliyumba.

Lakini waangalie waliomzuia. Hawakuwa maadui zake peke yao. Aliyeongoza upinzani katika Seneti, Burton Wheeler, alikuwa wa chama chake. Kamati ya Seneti iliyolikataa shauri lile mwezi wa Juni ilikuwa na wengi wa chama chake. Na tarehe 22 Julai 1937 Seneti ikalirudisha shauri hilo kamatini likafia huko, kwa kura 70 dhidi ya 20. Wengi katika wale 70 walikuwa wamezipigia kura sheria zake, wakampenda, na walijua kuwa watu wa majimbo yao wampenda. Lakini walijiuliza swali moja: leo tukimpa huyu tumpendaye uwezo wa kuongeza majaji mpaka hukumu ielekee atakako, kesho akija tumchukiaye, tutamnyima kwa hoja gani?

Hapo ndipo kiini cha somo hili. Mpaka hauondolewi kwa mtu mmoja. Ukiubomoa ukuta ili rafiki yako apite, tundu hubaki, na mwizi hapigi hodi. Wazee wetu wamesema: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Kinywaji chenyewe hatukisifu, lakini methali ni ya kweli. Sifa nyingi humfanya hata fundi mwema akadhani kuwa kila alifanyalo litakubaliwa.

Na je, wenye njaa walipotea? La. Katika miezi ile ile ya Machi na Aprili 1937, mahakama yenyewe ilianza kuzithibitisha sheria za mshahara wa chini na za vyama vya wafanyakazi, na mwezi wa Mei mmoja katika majaji wazee akatangaza kujiuzulu. Baadhi ya watu husema kuwa ile khofu ya shauri la Rais ndiyo iliyowageuza majaji, na wengine hukataa. Ijapokuwa ni hivi au vile, haja ya watu ilipatikana na ukuta haukubomolewa.

Roosevelt alichaguliwa mara ya tatu mwaka 1940 na ya nne mwaka 1944, akafa madarakani tarehe 12 Aprili 1945. Watu walipotulia wakautumia ule mlango tuliousema. Mwaka 1951 yalithibitishwa marekebisho ya 22, kwamba mtu asichaguliwe kuwa Rais zaidi ya mara mbili. Ada ya Washington ikawa wino.

ALIYECHUKIWA NA ALIYESHINDA

Tangu miaka ya 1930, George Gallup na watu wake walianza kuwauliza Wamarekani wachache kwa mpango maalumu, ili kujua wote wanaona nini. Kwa njia hiyo tunazo hesabu za kupendwa kwa Marais, nazo zatufunza jambo.

Mapema mwaka 1952 Rais Harry Truman alikuwa ameshuka mpaka watu 22 tu katika 100 ndio walioiridhia kazi yake. Vita vilikuwa vikipiganwa Korea, na wafanyakazi wa viwanda vya chuma walitaka kugoma. Aprili 1952 Truman akavitwaa viwanda hivyo kwa amri yake. Tarehe 2 Juni Mahakama ya Juu ikasema, kwa majaji 6 dhidi ya 3, kuwa hakuwa na ruhusa hiyo bila ya Bunge. Majaji wote tisa walikuwa wameteuliwa na Roosevelt au na Truman mwenyewe. Truman alikasirika, lakini akavirudisha viwanda kwa wenyewe.

Richard Nixon alikuwa kinyume chake. Novemba 1972 alishinda majimbo 49 kati ya 50. Lakini miezi mitano kabla ya kura hizo watu waliofanya kazi ya kampeni yake walikuwa wamekamatwa ndani ya ofisi za chama cha wapinzani, katika jengo la Watergate, na Rais akashiriki kuficha jambo hilo. Alipotakiwa kuzitoa kanda za sauti zilizorekodiwa ofisini kwake, alikataa. Tarehe 24 Julai 1974 majaji wanane waliosikiliza kesi wakaamua kwa sauti moja kuwa azitoe, na watatu kati yao aliwateua yeye. Wakubwa wa chama chake wakamwendea wakamweleza kuwa hawana kura za kumwokoa. Akajiuzulu tarehe 9 Agosti 1974, na waliomridhia wakati huo walikuwa 24 katika 100.

Ziweke habari mbili hizi pamoja. Truman alikuwa na kura haba za mapenzi akatii. Nixon alikuwa na kura nyingi kuliko wengi waliomtangulia, na hazikumfaa. Mapenzi ya watu ni kama maji ya bahari: hujaa na kupwa. Gati haijengwi juu ya maji. Hujengwa juu ya jiwe, ili chombo kipate pa kufunga yakijaa na yakipwa.

PALE MPAKA ULIPOVUNJIKA

Lau tungeishia hapo tungekuwa tumesema nusu ya kweli. Mpaka haukushika kila mara, na yafaa tuulize ulivunjika juu ya nani.

Tarehe 19 Februari 1942, baada ya Japani kuishambulia Marekani, Roosevelt alitoa amri ambayo kwayo watu 120,000 hivi wenye asili ya Kijapani walitolewa majumbani mwao wakawekwa makambini. Wengi wao walikuwa raia waliozaliwa nchini humo. Amri ile ilipendwa na watu wengi, na Desemba 1944 Mahakama ya Juu ikaikubali kwa majaji 6 dhidi ya 3. Ilichukua mpaka mwaka 1988 kwa Bunge kuomba radhi na kuwalipa waliosalia hai dola 20,000 kila mmoja. Na mahakama haikuikana hukumu ile mpaka mwaka 2018, tena ikaikana ndani ya hukumu ambayo, kwa majaji 5 dhidi ya 4, iliithibitisha amri ya Rais Donald Trump ya kuwazuia kuingia watu wa nchi kadhaa, na nyingi katika hizo ni nchi za Waislamu.

Tena tazama mwaka 2001. Baada ya mashambulio ya tarehe 11 Septemba, Rais George W. Bush aliridhiwa na watu 90 katika 100. Sheria ya kuongeza nguvu za upelelezi ilipita katika Seneti kwa kura 98, na aliyeikataa ni mtu mmoja tu. Januari 2002 likafunguliwa gereza la Guantanamo, wakatiwa humo watu bila ya kuhukumiwa, na miongoni mwao baadaye alikuwamo hata mtu wa nchi yetu hii ya Kenya. Mahakama ilianza kusema polepole: mwaka 2004 ikasema kuwa wafungwa wale wana haki ya kushtaki, mwaka 2006 kuwa mahakama za kijeshi alizoziweka Rais hazikuwa za sheria, mwaka 2008 kuwa Katiba yawalinda hata huko waliko. Maneno mema, lakini yalipotamkwa umri wa watu ulikuwa umekwisha kuliwa.

Basi msomaji aone: kila mara mpaka ulipovunjika kwa makofi ya wengi, walioumia ni wachache wasiokuwa na wa kuwapigia makofi. Mtu mwenye wengi nyuma yake hahitaji ukuta. Ukuta ni wa yule ambaye wengi wamempa kisogo. Na kila mmoja wetu, hata awe mkubwa kiasi gani mtaani kwake, yuko mji ambao akifika huko atakuwa mchache.

Mtihani haujesha. Mwaka 2020 Rais Trump alipata kura zaidi ya milioni 74, na mshindani wake Joseph Biden zaidi ya milioni 81. Trump hakukubali kuwa ameshindwa. Tarehe 6 Januari 2021 wafuasi wake waliingia kwa nguvu katika jengo la Bunge, na Makamu wake mwenyewe, Mike Pence, akakataa kuzizuia kura alizotakiwa azizuie. Usiku ule ule wajumbe walirejea wakamaliza kazi yao. Mwaka 2024 Mahakama ya Juu iliamua kuwa Rais ana kinga kubwa ya kutoshtakiwa kwa matendo ya kazi yake. Na mwaka huo huo Trump akachaguliwa tena. Mwaka 2025 yakasikika kwake maneno ya muhula wa tatu, na alisema kuwa hafanyi mzaha. Maneno ya marekebisho ya 22 yanasomeka na kila ajuaye kusoma. Lakini wino haujilindi. Hulindwa na watu wa namna ya wale 70 wa mwaka 1937, ambao waliweza kumwambia hapana mtu wao wenyewe.

JAWABU LA KIJANA WETU

Sasa twamrejea aliyeuliza. Ewe mwanetu, wajua habari za wakfu. Mtu huweka nyumba wakfu, akaandika masharti, akafa. Msimamizi akaja, mwema, mkarimu, apendwaye na mtaa mzima. Je, mapenzi hayo yampa ruhusa ya kuiuza nyumba? Utasema la, kwani yeye ni msimamizi, si mwenye mali. Na ukiulizwa, mbona waitii karatasi ya mtu aliyekufa, utasema: siitii kwa ajili ya maiti, naitii kwa ajili ya mayatima walio hai, na wale ambao hawajazaliwa, ambao hawana kura mtaani leo.

Rais ni msimamizi wa namna hiyo. Kuna tofauti moja, nayo yazidi kumjibu kijana wetu: Katiba yaweza kurekebishwa na walio hai. Mlango upo, nao ni mzito kwa makusudi, ili wanaotaka kuupita wawe wengi kweli, wa majimbo mengi, kwa muda mrefu, si wengi wa siku moja kwa ajili ya mtu mmoja. Aambiaye watu wauvunje ukuta na ilhali mlango upo, hataki kupita yeye tu. Ataka wengine wasiweze kumfungia.

Basi twasema: wengi wape. Wape kuchagua, wape kuondoa, wape kurekebisha sheria kwa njia yake. Lakini usiwape kumfanya msimamizi kuwa mwenye mali, wala usiwape haki ya mchache, kwa sababu hiyo si yao hata wakiwa wengi kama mchanga wa pwani. Sisi nasi hapa Kenya tunao mpaka wa mihula miwili katika Katiba yetu ya mwaka 2010, na mpaka wa namna hiyo hiyo ndio uliomtoa Rais Moi mwaka 2002. Siku ya kuupima mpaka si siku ya kiongozi tumchukiaye, kwani siku hiyo kila mtu ni mwanasheria. Siku yake ni siku ya yule tumpendaye.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Washington hakuwa na sheria ya kumtoa, na alitoka. Je, ada njema yatosha, au lazima iandikwe?

2. Lau ungekuwa mjumbe wa Seneti mwaka 1937, na watu wa kwenu wana njaa, ungepiga kura upande gani, na kwa hoja gani?

3. Kwa nini mahakama iliweza kumzuia Truman mwaka 1952, na haikuwasaidia watu wa asili ya Kijapani mwaka 1944?

4. Fikiri kiongozi umpendaye kuliko wote. Ni jambo gani ambalo hata yeye ungemkataza? Ukikosa la kutaja, rudia somo hili tangu mwanzo.